Barua ya Mwanaidi na Salamu Zake

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na mbili, na mpaka leo yako maneno ya lugha hiyo ambayo nikitaka kuyatamka nageuza uso nikohoe kidogo kwanza. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani anayezungumza nanyi ni bingwa. Mimi ni mwalimu tu, na mwalimu ni mtu aliyekosea mbele ya watu wengi kuliko wengine.

Nyinyi mnaosoma haya, wengine mnajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, wengine ndiyo kwanza mmetoka chuo cha ualimu na chaki haijawakausha vidole. Wote ni wanangu. Nitasema nanyi kama ninavyosema na hawa wanaokuja kwangu hapa Bagamoyo kila siku baada ya sala ya alasiri. Hukaa kwenye baraza ya nyumba aliyoniachia marehemu baba. Baba alikuwa akiuza vitambaa chumba cha mbele, na alitamani niendeleze duka. Rafu zake bado zipo, ila siku hizi zimebeba madaftari, na sidhani kama angekasirika sana.

Kosa langu kubwa la kwanza lilimuua bibi wa watu. Nilikuwa na mwaka wa pili tu kazini. Watoto wa pwani wengi wamepita madrasa, na kuhifadhi kwao si kazi. Mtoto aliyehifadhi juzuu mbili na kuzisoma bila kukwama, utamtisha kwa insha ya ukurasa mmoja? Nikaona nimepata njia ya mkato. Nikakaa, nikaandika insha tamu kuhusu siku nisiyoisahau, siku ambayo bibi yangu alifariki, nikawapa darasa zima waihifadhi neno kwa neno. Nikajiona mjanja, nikalala usingizi mzuri.

Mtihani wa majaribio ulisahihishwa na mwalimu wa shule jirani, mtu mcheshi. Karatasi zilirudi na kijibarua. Aliandika: "Poleni sana kwa msiba. Nimehesabu, marehemu amefariki mara arobaini na tatu, kila mara siku ya Ijumaa, na kila mara mvua ilikuwa ikinyesha." Wote arobaini na tatu walipata sifuri kwenye insha. Bibi yangu mwenyewe alikuwa hai wakati ule, na aliposikia habari hizi hakucheka. Alininunia wiki mbili.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Mwalimu Kibwana, mzee mrefu aliyebakiza miaka michache astaafu. Nilijua atanigombeza. Hakunigombeza. Aliniambia nikae, akanimiminia chai, akasema, "Rukia, watoto wako wana bibi zao. Ungewauliza."

Basi. Kesho yake asubuhi akaja darasani kwangu na ndoo, ndani yake pweza aliyemnunua sokoni alfajiri. Akamweka juu ya meza, akawaambia wanafunzi waandike kwa Kiingereza chochote wanachokijua kuhusu huyo mgeni. Darasa lilinuka mpaka Jumatatu. Lakini kulikuwa na msichana mmoja ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kuandika zaidi ya mistari mitatu. Siku ile alijaza ukurasa na kuomba karatasi nyingine, maana mama yake alikuwa akikaanga pweza na kuuza, na hapakuwa na mtu mle ndani, hata mimi, aliyemjua pweza kumshinda. Kiingereza chake kilichechemea, ila kilikuwa kinakwenda mahali. Tangu siku ile sijampa mwanafunzi insha ya kuhifadhi.

Siku hizi mambo yamebadilika, najua. Zamani mimi nilikuwa na kamusi moja iliyopotea jalada na redio ya kaseti iliyokula kanda. Nyinyi mna simu inayoandika insha nzima kabla hamjamaliza kuiuliza. Siikatazi simu. Kuna siku nilimwambia kijana mmoja wa Kaole aniandikie kuhusu mwezi wa Desemba nyumbani kwao. Akaniletea kazi safi isiyo na kosa hata moja, na ndani yake theluji inaanguka juu ya paa la mama yake. Nikamwuliza, "Mama yako anaikwangua kwa kitu gani, kata ya maji?" Akatazama chini, akacheka mwenyewe. Simu mwulize maana ya neno, mwulize neno linatamkwaje, hata mimi namwuliza. Lakini chumba cha mtihani mnaingia nyinyi, yeye anabaki mlangoni kwenye begi.

Sasa nije kwa Mwanaidi, maana ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Nilikuwa nimeshastaafu. Siku moja baada ya alasiri alifika barazani na baba yake, Mzee Shomari, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa. Msichana alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Baiolojia alifaulu, kemia alifaulu, Kiingereza kikamwangusha. Alitaka kusomea uuguzi, na chuo alichokitaka kilidai Kiingereza. Kwa hiyo alikuwa anarisiti, anarudia mtihani wa somo hilo moja tu, akikaa kwa shangazi yake hapa mjini.

"Nimempa mwaka mmoja, Mwalimu," Mzee Shomari aliniambia. Hakusema kwa ukali. "Si kwamba simtaki asome. Mgongo wangu si ule wa zamani, na shamba halimngoji mtu. Akipata, Alhamdulillahi. Akikosa, itabidi arudi tusaidiane."

Mwaka mmoja, somo moja. Nilimwangalia yule mtoto, naye akatazama vidole vyake vya miguu.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa mbovu. Ufahamu wa habari alikuwa anapata. Sarufi alikuwa anapata kuliko wengine aliowakuta. Nikajiuliza, huyu alifelije? Jibu lilikuja siku nilipowapa barua ya kuomba kazi. Niliwaambia waombe kazi ya kupokea wagonjwa kwenye kituo cha afya, nikawapa dakika arobaini kwa saa ya ukutani.

Karatasi ya Mwanaidi ilianza kwa kumsalimu mganga mkuu kwa heshima zote. Ikaendelea kumtakia afya njema, yeye na mama watoto wake na watoto. Ikauliza habari za kazi, na habari za mvua huko aliko. Ikamjulisha kwamba sisi huku hatujambo, ila baba mgongo unamsumbua kidogo, na muhogo umekubali mwaka huu. Ukurasa ukaisha. Nyuma ya karatasi, chini kabisa, muda ulipokuwa unamwishia, aliandika kwamba yeye kazi hajui vizuri, lakini mheshimiwa akiona inafaa, basi amfikirie.

Nilicheka. Wanangu, nilicheka mpaka nikavua miwani. Na kama hiyo haitoshi, nikawasomea wenzake kwa sauti. Baraza nzima ikaangua kicheko, na kijana mmoja akasema, "Mganga mkuu atajibu kwamba na yeye hajambo." Mwanaidi naye alitabasamu, kwa adabu. Akachukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia kwenye daftari. Kesho yake hakuja.

Hakuja wiki ile. Hakuja wiki iliyofuata. Nilimwuliza shangazi yake, akaniambia mtoto amerudi Kiwangwa, amesema kichwa chake si cha shule. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi miwili. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kibao alichozoea kukalia barazani, nikaona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu bibi yangu afe mara arobaini na tatu. Ile ya kwanza nilikosea kwa ujana. Hii nilikosea na mvi zangu kichwani.

Jumamosi nikaenda Kiwangwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima: nitamwomba radhi, nitamwambia baba yake, nitamrudisha. Nikafika uani kwa Mzee Shomari. Mkewe alikuwa ameenda kwenye arusi kijiji cha jirani, na jirani yao, bibi mmoja aitwaye Bi Pili, alikuwa amekaa mkekani akimenya muhogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu, karibu sana," Mzee Shomari akanipokea.

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Mmeamkaje huko mjini?"

"Tumeamka salama. Nanyi mmeamkaje?"

"Tunamshukuru Mungu. Watoto hawajambo? Wajukuu?"

"Hawajambo wote. Mgongo unaendeleaje?"

"Leo afadhali."

Ikaja habari ya mvua. Ikaja habari ya njia. Nikamwamkia Bi Pili, naye akaanza upya: nyumba, watoto, wajukuu, afya yangu, miguu yangu. Robo saa nzima imepita na lile nililolifuata bado limo kinywani. Hakuna aliyekuwa anapoteza muda. Ungelitoaje jambo zito mbele ya mtu ambaye hujajua ameamkaje? Hapo hapo, nikiwa katikati ya kuulizwa kuhusu magoti yangu, nikaiona ile barua ya Mwanaidi yote, kuanzia mama watoto mpaka muhogo. Mtoto hakuwa amekosa akili. Alikuwa ameingia uani kwa mganga mkuu kama alivyolelewa.

Mwanaidi alitoka na maji ya kunywa, akanisalimu, akataka kurudi ndani. Nikamwambia abaki.

"Mwanaidi, nilikukosea. Nilikucheka mbele za watu, na mimi ndiye mkubwa pale. Naomba unisamehe."

Alishtuka. Baba yake naye alishtuka. Si desturi, mtu wa umri wangu kumwomba radhi mtoto mbele ya mzazi wake. Akasema polepole, "Yameisha, Mwalimu."

"Basi rudi. Unaweza kufaulu."

Mzee Shomari akaguna. "Huyu? Huyu hajui kitu, Mwalimu. Anatusumbua tu," akasema, na wakati huo huo akimsogezea binti yake kigoda akae.

Bi Pili akaweka kisu chini. "Hajui kitu? Nani ananisomea vidonge vyangu vya presha, kipi cha asubuhi na kipi cha jioni? Na mkwe wangu aliposhikwa na uchungu, nani alimpeleka zahanati akamweleza nesi kila kitu kwa mpango, umeanza saa ngapi, umekuja mara ngapi? Nesi mwenyewe aliuliza, huyu binti ni wa nani."

Mzee Shomari akageuka kutazama migomba yake kama ndiyo kwanza anaiona. Mzazi hasifu mwanawe. Hiyo ni kazi ya jirani. Sote tumekulia hivyo.

Nikamgeukia Mwanaidi. "Kwa nini hukuyaandika haya kwenye barua? Ndiyo hasa wanayoyataka."

"Nitajisifuje, Mwalimu?" akasema. "Mtu kujisifu mwenyewe ni aibu. Hata ningetaka, mkono ungekataa."

Miaka thelathini na mbili nilikuwa nikiwaambia watoto "jielezeni" bila kufikiri ninawaomba nini. Aliyejibu ni Bi Pili, akiwa amesharudi kwenye muhogo wake.

"Kijana akitaka kuoa, anakwenda mwenyewe kujisifu ukweni?" aliuliza. "Si anamtuma mshenga? Mshenga anasema yote, kijana amekaa zake kwao ametulia."

Mwanaidi akacheka, mara ya kwanza siku ile. Na mimi nikajua nimepata nilichokifuata, na zaidi. Jumatatu alirudi mjini.

Sasa sikilizeni, hasa nyinyi walimu vijana, maana hii ndiyo hirizi yangu na nawapa bure. Nilimwambia, "Wewe kaa pembeni, hii barua usiiandike wewe. Mtume Bi Pili." Akaandika kwanza yale ambayo Bi Pili angesema akienda kwa mganga mkuu kumpeleka Mwanaidi: binti huyu ni mtulivu, anasoma maelekezo ya dawa bila kukosea, alimpeleka mama mjamzito zahanati akatoa taarifa kwa mpango. Kalamu ilikimbia. Alipomaliza nikamwambia aichukue barua ya mshenga, aigeuze iwe yake mwenyewe, asiongeze wala asipunguze. Ilikuwa ngumu mara ya kwanza, alikuwa akifuta kila anapojitaja. Mara ya tano hakufuta.

Na mshenga hadanganyi. Akisema kijana ana nyumba, upande wa pili watakwenda kuitazama. Kwa hiyo kila sifa lazima iwe na kitu cha kuonyesha. Ukisema wewe ni mchapakazi, msomaji atauliza, nyumba iko wapi? Tukawa tunaulizana hivyo barazani, "Nyumba iko wapi?", mpaka watoto wa mtaani wakatuona wendawazimu. Wenzake nao wakachukua mtindo huo. Yule kijana wa Kaole, wa theluji, alimtuma kocha wake wa mpira, na kocha akamsifu mpaka tukalazimika kumrudisha nyumbani.

Salamu je? Nilimwambia asizitupe, azihamishe. Wale waliotunga barua za aina hii nao wana adabu, ila wameiweka mahali pengine: kwenye anwani iliyonyooka, kwenye tarehe, kwenye jina la heshima, kwenye shukrani ya mstari mmoja mwishoni. Kwao, kutomchelewesha msomaji ndiyo shikamoo yenyewe. Alilikubali hilo kirahisi, maana sikumwambia aache adabu. Nilimwambia tu kwamba nyumba yao ina mlango wa upande mwingine.

Mengine tuliyofanya ni ya kawaida, na nayasema kwa sababu ya kawaida ndiyo hufelisha watu. Soma swali mara mbili kabla kalamu haijagusa karatasi, na mara ya pili lisome kama mtu anayetafuta mtego. Anza na unaloliweza, mkono upate joto. Insha ukiimaliza, isome kwa kunong'ona, midomo ikitikisika. Sikio hukamata kosa ambalo jicho limelizoea. Usiache swali tupu. Na usiku wa kuamkia mtihani, lala. Sijawahi kumwona mtu aliyejifunza Kiingereza kati ya saa nane na saa kumi za usiku.

Siku ya mtihani alipita kwangu akirudi. Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu saa tano, nikijifanya nafagia.

"Barua ilikuja?"

"Ilikuja."

"Ukaandika nini?"

"Mwalimu, karatasi nimeshaikabidhi," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na kundi jipya barazani. Mwanaidi hakupiga simu, alikuja mwenyewe. Alinionyesha kwenye simu yake. Alikuwa amepata D.

Lazima niwe mkweli. D ni kufaulu, lakini ni kufaulu kwa kukwaruza, na mimi moyoni nilikuwa nimeshampa B. Nilikuwa nimeshajiona nikiwasimulia walimu wenzangu. Nilimwambia hongera, ila uso wangu haukuwahi kujua kudanganya, na yeye akauona.

"Mwalimu, chuo kinataka D," akasema. "Wewe unataka nini?"

Hakuwa na ujeuri hata kidogo. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Swali lake lilikuwa la miaka yangu yote. Nilikuwa nikiingia mtihani na kila mtoto, nikitoka na alama zake kana kwamba ni zangu, nikifurahi na kununa kwa niaba yangu mwenyewe. Nilicheka, na safari hii nilikuwa najicheka mimi. Nikamkumbatia, nikamwambia hongera tena, na ya mara ya pili ilikuwa ya kweli.

Alikuwa amekuja na fomu ya chuo, ameichapisha steshenari. Alisema angependa kuijaza palepale kwangu kabla hajapanda gari kurudi Kiwangwa kumwambia baba yake. Nikaitazama haraka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi kubwa, mwombaji aeleze kwa Kiingereza kwa nini anafaa kupokelewa. Nikavaa miwani, nikavuta kiti, nikawa tayari kusaidia.

"Labda uniwekee chai, Mwalimu," akasema.

Nikaenda jikoni. Nilichelewa makusudi, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Niliporudi na chai alikuwa ameshaifunga kalamu, ameikunja fomu mara moja, ameitia kwenye bahasha na kuibandika gundi. Mpaka leo sijui aliandika nini mle ndani, na hakuniuliza hata neno moja.